Ni Usingizi Gani Ulio Salama kwa Mtoto Huyu?

Kuna neno moja ambalo wazazi wengi huliogopa kuliko kisu chenyewe cha mganga: ni neno "kulalishwa". Mama akisikia kwamba mtoto wake mchanga atapasuliwa, swali lake la kwanza huwa hili: "Je, ataamka?" Swali hilo si la ujinga hata kidogo. Waganga wenyewe hujiuliza lilo hilo kila asubuhi kabla ya kuingia katika chumba cha kupasulia. Leo twataka kueleza jinsi wanavyolijibu, hasa kwa watoto wale waliozaliwa na magonjwa ya kurithi yasiyoonekana mara nyingi. Na mwishoni tutaona ya kuwa sehemu kubwa ya jibu hilo imo kinywani mwa wazazi.

Usingizi usiofanana na wa usiku

Dawa ya usingizi, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita nusukaputi, hailazi mtu kama alalavyo nyumbani kwake. Mtu aliyelala kitandani, ukimchoma mwiba ataruka. Ukimziba pua atageuza kichwa. Aliyelalishwa kwa dawa hasikii uchungu, lakini pia hawezi kujitetea. Ulimi wake waweza kurudi nyuma na kuziba koo. Matapishi yaweza kuingia katika mapafu. Pumzi yaweza kupungua mpaka ikome, na moyo waweza kulegea. Ndiyo sababu mtu mmoja lazima akae penye kichwa cha mgonjwa tangu mwanzo hata mwisho, asiwe na kazi nyingine ila kumlinda. Katika hospitali nyingi za Kongo kazi hiyo hufanywa na mwuguzi aliyefundishwa kulalisha wagonjwa.

Dawa ya namna hii ilijulikana kwa watu wengi tangu tarehe 16 Oktoba 1846. Siku hiyo, katika mji wa Boston huko Marekani, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya waganga, na uvimbe wa shingo yake ukapasuliwa pasipo mateso waliyoyazoea watu wa zamani. Mwaka uliofuata, 1847, James Young Simpson wa Edinburgh alianza kutumia klorofomu. Siku zile mganga hakuwa na mengi ya kuchagua. Leo dawa ni nyingi: ziko za kuvutwa kwa pumzi, ziko za kudungwa mshipani, ziko za kulegeza misuli, ziko za ganzi zinazozimisha uchungu mahali pamoja tu huku mgonjwa akibaki macho. Wingi huo ni neema. Lakini anayechagua katika vingi aweza kuchagua vibaya, asipomjua vema yule anayemchagulia.

Mtoto mchanga na mizani yake

Mtu aweza kudhani kwamba mtoto mchanga ni mtu mzima aliyepunguzwa, basi inatosha kupunguza dawa. Sivyo. Tukilinganisha kilo kwa kilo, mtoto mchanga hutumia oksijeni mara mbili hivi kuliko mtu mzima. Kwa hiyo pumzi ikikatika, akiba yake huisha upesi sana. Ngozi hubadilika na moyo huanza kupiga polepole, hali mtu mzima angalivumilia bado. Ulimi wake ni mkubwa kwa kadiri ya kinywa chake, na bomba la pumzi ni jembamba. Uvimbe mdogo tu waweza kulifunga.

Tena fikirini damu yake. Mtoto mchanga ana mililita 80 hivi za damu kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 3, basi, ana mililita 240 hivi, zisizoweza kujaza chupa ndogo ya limonadi. Kikombe kidogo cha damu kikimwagika, ambacho mtu mzima asingekijali, kwake chaweza kuwa theluthi ya damu yote. Mwili wake hupoteza joto upesi, na sukari ya damu yake hushuka upesi. Kwa hiyo chumba hupashwa moto, mtoto hufunikwa kichwa, naye hupimwa kwenye mizani kabla ya dawa yoyote kutiwa katika bomba la sindano, kwa maana kila kipimo huhesabiwa kwa kilo zake.

Haya yote ni ya mtoto mzima wa afya. Je, itakuwaje kwa mtoto aliyezaliwa na ugonjwa wa kurithi?

Kosa moja, dalili nyingi

Katika kila chembe ya mwili wetu mna maandiko madogo ya urithi, yaliyopangwa katika kromosomu 46, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Maandiko hayo huamuru umbo la taya, nguvu za misuli, vyumba vya moyo na kazi ya damu. Pengine kosa moja ndani yake huleta dalili nyingi kwa pamoja, na waganga hulipa fungu hilo la dalili jina la sindromu. Kila sindromu peke yake ni adimu. Mganga wa wilaya aweza kufanya kazi miaka mingi asiione. Lakini aina zake ni maelfu, na kwa jumla watoto wenye magonjwa hayo si wachache. Nao mara nyingi huhitaji kupasuliwa kuliko watoto wengine: huyu ana mdomo uliopasuka, huyu ana moyo wenye tundu, huyu hana njia ya choo.

Tutoe mifano, ili msomaji aone kwamba kila ugonjwa humwuliza mganga swali lake.

Uko ugonjwa unaoitwa kwa jina la Pierre Robin, mganga wa meno na kinywa wa Paris aliyeueleza mwaka 1923. Mtoto huzaliwa na taya la chini dogo mno, na ulimi huangukia kooni. Mara nyingi kaakaa pia limepasuka. Akilazwa chali hukoroma na kukabwa. Akilazwa kifudifudi hupumua vizuri zaidi. Uko na mwingine, wa Treacher Collins, ambao hupunguza taya na mifupa ya mashavu na kuharibu umbo la masikio. Kwa macho ya mpita njia, watoto hao wawili wana shida moja. Lakini kwa mganga wa usingizi kuna tofauti kubwa: katika ugonjwa wa Robin taya mara nyingi hukua, na njia ya pumzi huwa rahisi zaidi mwaka kwa mwaka; katika ule wa Treacher Collins, mara nyingi huzidi kuwa ngumu kadiri mtoto anavyokua. Kwa hiyo kungoja kwaweza kumfaa mmoja kusimfae mwingine.

Kwa watoto hao wote wawili kuna kanuni moja: usilegeze misuli ya mtoto kabla hujajua ya kuwa waweza kumpumulisha. Mtoto anayepumua mwenyewe bado anashika uzi wa maisha yake. Ukimnyang'anya pumzi hiyo kwa dawa, kisha ukashindwa kupitisha mpira wa hewa kooni, dakika chache zatosha kuleta msiba. Hapo husaidia pia kifaa kilichotangazwa mwaka 1983 na Mwingereza Archie Brain: ni kifuniko kidogo cha mpira kinachokaa juu ya koo na kupitisha hewa, bila kulazimika kulifikia bomba la pumzi lenyewe.

Wengi wetu twawajua watoto wenye kromosomu ya ishirini na moja iliyozidi. Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake waliitangaza sababu hiyo mwaka 1959. Watoto hao si adimu sana: huzaliwa mmoja hivi katika kila watoto 700 au 800. Karibu nusu yao wana kasoro ya moyo, hata kama kwa macho waonekana wazima. Bomba lao la pumzi mara nyingi ni jembamba kuliko la wenzao, basi wahitaji mpira mdogo zaidi. Viungo vya shingo vyaweza kulegea, hata mganga akikipinda kichwa kwa nguvu aweza kuumiza uti wa mgongo. Na wakivutishwa mvuke wa sevoflureni, moyo wao hupunguza mapigo kwa wepesi. Hayo yote hayawazuii kupasuliwa. Yanataka tu moyo usikilizwe mapema, shingo ishikwe kwa upole, na mvuke uongezwe kidogo kidogo.

Wako watoto ambao ngozi yao hutoka malengelenge ikisuguliwa kidogo tu. Kwao hatari haiko katika dawa. Iko katika plasta ya kubandika, ambayo ikibanduliwa huondoka na ngozi. Vifaa vyao hufungwa kwa kitambaa kilichopakwa mafuta. Na wako ambao mwili wao hauwezi kutumia mafuta yake wakati wa njaa. Watoto wengine hukaa bila kula kabla ya kulalishwa wasipate dhara. Hao, wakifungishwa muda mrefu, sukari yao huanguka na ubongo huumia. Yawapasa kutiwa maji ya sukari mshipani tangu mwanzo.

Kijana wa Melbourne

Sasa tusimulie habari iliyofundisha waganga wa dunia nzima kuwasikiliza jamaa za wagonjwa.

Mwaka 1960 kijana wa miaka 21 aliletwa katika hospitali ya Melbourne, huko Australia, mguu umevunjika. Waganga walistaajabu, kwa sababu hakuuogopa mguu wake, aliogopa kulalishwa. Alisema kwamba watu kumi wa ukoo wake walikufa walipopewa etha. Waganga wangaliweza kumcheka. Hawakumcheka. Walimpa halotani, dawa iliyokuwa mpya siku zile, wakamlinda kwa macho makali. Baada ya muda mfupi damu ilishuka nguvu, moyo ukaenda mbio, mwili ukawaka moto na kutoka jasho. Upesi wakaikomesha dawa, wakamzungushia barafu, naye akapona. Michael Denborough na mwenzake Lovell wakaandika habari hizo mwaka ule ule, na ugonjwa ukajulikana.

Ugonjwa huo unakaa katika misuli. Kwa kawaida hauonekani. Mtu hulima, hucheza mpira, huoa na kuzaa. Lakini akivuta mvuke fulani, kama halotani, isoflureni au sevoflureni, au akidungwa suksametoniumu, dawa ya kulegeza misuli, mlango mdogo wa kalsiamu katika misuli hubaki wazi. Misuli yote hukaza na kuwaka kama tanuru. Kabla ya kupatikana dawa, wagonjwa 70 hadi 80 katika kila 100 walioshikwa walikufa.

Dawa ilipatikana kwa msaada wa Afrika. Mwaka 1975 Gaisford Harrison wa Cape Town alionyesha kwamba nguruwe wenye ugonjwa kama huo, waliokuwa wakifa kwa halotani, waliponywa kwa dawa iitwayo dantroleni. Tangu 1979 dawa hiyo imeruhusiwa Marekani kudungwa watu mshipani, na panapo dawa hiyo waliokufa zamani kwa wingi sasa wengi wao huokoka. Miaka ya 1990 na 1991 wataalamu wa Canada na Ireland walionyesha mahali pa kosa hilo katika kromosomu ya kumi na tisa. Mzazi mmoja akiwa nalo, kila mtoto wake aweza kulirithi kwa bahati ya nusu kwa nusu, awe mvulana au msichana. Tena mtu aweza kulalishwa mara moja, mbili, hata tatu salama, kisha akashikwa safari ya nne.

Je, habari hii yahusu watoto wachanga? Yahusu sana. Watoto wengine huzaliwa walegevu kama kitambaa kilicholowa: hawashiki kichwa, hawapigi miguu. Miongoni mwao wamo wenye magonjwa ya misuli yanayotokana na kosa lile lile. Na wavulana wengine wana ugonjwa wa misuli uitwao wa Duchenne, usioonekana mpaka waanze kutembea; wakidungwa suksametoniumu, potasiamu yaweza kumiminika katika damu na moyo kusimama ghafula. Baada ya misiba ya namna hiyo, katika miaka ya 1990 waganga wa Marekani walionywa wasiitumie dawa hiyo kwa watoto ila kwa dharura.

Namna ya kuchagua

Basi mganga wa usingizi hupita katika maswali kwa utaratibu.

La kwanza: Je, kazi hii yapaswa kufanywa leo? Ngiri iliyojinyonga haingoji, wala mtoto asiye na njia ya choo hangoji. Mdomo uliopasuka waweza kungoja. Waganga wengi hufuata desturi ya kumngoja mtoto atimize majuma kumi na kuwa na uzito wa kilo 4 na nusu hivi, na damu ya kutosha.

La pili: Je, uchungu waweza kuzimishwa kwa ganzi tu? Watoto wadogo, hasa waliozaliwa kabla ya wakati, waweza kupasuliwa ngiri kwa sindano ya mgongo, huku wakiwa macho na kunyonya maji ya sukari.

La tatu: Kama lazima alale, ni mlango gani wa mwili wake ulio dhaifu? Mwenye taya dogo aachwe apumue mwenyewe. Mwenye moyo mbovu apewe dawa isiyoushusha ghafula. Mlegevu wa misuli aepushwe na mvuke na suksametoniumu.

Katika nchi zetu ketamini hutumika sana. Iligunduliwa Marekani mwaka 1962. Mara nyingi humwachia mgonjwa pumzi yake na nguvu ya damu yake, wala haiamshi ugonjwa wa kijana wa Melbourne. Lakini tusiiite salama kwa kila mtoto: huzidisha mate, yaweza kukaza koo, na ikidungwa kwa haraka yaweza kukatisha pumzi ya mchanga. Hakuna dawa iliyo salama kwa wote. Kuna dawa iliyo salama zaidi kwa mtoto huyu, siku hii, mikononi mwa mtu anayeijua na mwenye vifaa vya kumwokoa. Kifaa kimoja kidogo chafaa kuliko vingi: ni kile kibanio cha kidole, ambacho kanuni yake ilitangazwa na Mjapani Takuo Aoyagi mwaka 1974, kinachopima oksijeni ya damu na kupiga kelele ikishuka.

Neno la wazazi

Dantroleni ni ghali, nayo huchakaa kwa muda wake. Hospitali nyingi za Afrika hazina hata chupa moja. Vipimo vya chembe za urithi viko mbali nasi. Lakini iko dawa moja isiyouzwa: ni habari za ukoo. Kijana wa Melbourne hakuwa na karatasi yoyote ya maabara. Alikuwa na hesabu ya wafu wake tu, naye aliisema.

Kwetu habari hizo mara nyingi hufichwa. Mtoto akifa mezani, jamaa hunong'ona juu ya ulozi, ndugu hugombana, mjane hufukuzwa. Kisha watu hukubaliana wasilitaje tena jambo lile. Baada ya miaka kumi mtoto wa dada aletwa hospitali ile ile, na anayemlalisha hajui neno. Aliyenyamaza kwa aibu amemwacha mtoto gizani pamoja na mganga wake.

Kwa hiyo, wazazi, mwulizwapo semeni. Msipoulizwa semeni vilevile. Nani katika ukoo wa baba na wa mama alikufa au aliugua vibaya wakati wa kulalishwa? Nani aliwaka moto au kukojoa mkojo mweusi baadaye? Je, mtoto hukoroma, huwa na rangi ya buluu midomoni anaponyonya, hutoka jasho, ni mlegevu? Amepewa dawa gani, hata za miti shamba?

Shikeni pia amri ya kutokula. Kwa desturi maziwa ya mama hukomeshwa saa 4 kabla ya kulalishwa, maziwa mengine saa 6, maji safi saa 2. Na wenye magonjwa ya sukari hupewa amri yao wenyewe. Bibi akimhurumia mtoto na kumnyonyesha kwa siri, aweza kumjaza mapafu maziwa.

Na mtoto akiamka salama, ombeni muandikiwe katika daftari lake jina la dawa aliyopewa na jinsi alivyoipokea. Daftari hilo litunzwe nyumbani pamoja na cheti cha kuzaliwa. Siku atakapolazwa tena, pengine mbali na kijiji chenu na mbele ya mganga asiyemjua, mistari ile michache itamwambia mganga mahali pa kuanzia.